Mlioachiwa Jiko, Hii Ndiyo Spesho

Jesca na Pili, nawaandikia nyinyi mliobaki jikoni, hotelini kwa Mzee Gervas, pale karibu na stendi ya Ngara, mahali nilipoacha ujana wangu, meno yangu mawili na mwiko wangu mrefu. Mwiko nasikia mnaegeshea mlango. Nimeshaambiwa, msijitetee.

Juzi nilipita hapo nikakaa kama mteja. Baba mmoja akamwuliza Jesca, "Huu wali spesho una nini?" Jesca akamjibu, "Una uspesho." Nilimeza chai yangu, nikalipa, nikaenda zangu. Lakini moyo ulikataa. Mimi niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari wengi, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mjukuu wangu Editha amenisaidia kuweka nukta. Huyu Editha anafundisha Kiingereza sekondari huko Biharamulo. Ndiyo, mjukuu wangu mimi, Kiingereza, sekondari. Anayetaka kubisha aje nyumbani nimwonyeshe picha ya joho.

Editha anasema spesho ni neno la Waingereza la kusifia kitu, na kazi yake ni kukitoa hicho kitu kwenye kundi la wenzake. Nikamwambia najua, mjukuu wangu, maana neno hilo nusura limkoseshe mume Konsolata, binti wa Mzee Gervas, na mimi nilikuwepo nimeshika bakuli. Ngoja nianze mbali kidogo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Mkuu wa jiko alikuwa Bi Zaituni, mwenyeji wa Nyarubungo kule Biharamulo, mama wa swala tano, mfupi wa mwili, mrefu wa sauti. Alinitazama kuanzia miguuni, akaishia magotini, hakuona haja ya kuendelea.

"Umekuja kupika au kubatizwa?"

Nikavua viatu. Akanipa kuku ninyonyoe. Kuku wa hoteli walichinjwa na mume wake, ili Mwislamu ale, Mkatoliki ale, na ambaye hajaamua naye ale. Nikanyonyoa mpaka vidole vikaiva kwa maji ya moto. Bi Zaituni akamwinua yule kuku kwa mguu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Mama Deo, huyu umemnyonyoa au umemnyoa? Ana ndevu huyu. Ukimpeleka mezani wateja watamwamkia."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Lilikuwepo sufuria kubwa lililokatika sikio, tukaliita Kiziwi, na kweli ukilipikia maharage halikusikia moto mpaka mchana. Palikuwa na jiko la mkaa lililoegemea jiwe, ukiligusa vibaya linakupigia magoti na mchuzi unamwagika. Na kisu cha Bi Zaituni, kilichonolewa miaka mingi mpaka kikabaki chembamba kama unyasi. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mwenye hoteli mwenyewe, Mzee Gervas, alikigusa siku moja akate ndimu, akaambiwa akaombe kisu kwa mke wake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo somo lilipo. Kuku ana mapaja mawili, mabawa mawili na firigisi moja. Na huku kwetu, uwe Mhangaza, uwe Msubi, uwe Mzinza, firigisi ni ya mkubwa wa mahali. Baba wa nyumba akiikosa kwenye bakuli lake hakuulizi kama umesahau. Anauliza ni nani amemrithi akiwa hai.

Lakini hotelini mkubwa ni nani? Watu wote wamekuja, kila mmoja na njaa yake. Bi Zaituni alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupakua alisogea kwenye pazia lenye tundu, akafumba jicho moja, akawapitia wateja.

"Yule wa koti jeusi katoka mahakamani. Tazama mdomo ulivyoning'inia. Ameshindwa kesi."

"Na yule mama wa kitenge?"

"Huyo kashinda. Mpe shingo inamtosha."

Basi firigisi aliifukia chini ya wali wa yule aliyeshindwa. Hakuiweka juu. Baba wa watu anachimba wali wake kwa huzuni, mara kijiko kinagonga kitu. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anaibugia haraka kama ameiba. Kesho anarudi. Haikuti. Keshokutwa anarudi tena kuitafuta. Mteja wa namna hiyo hata umkaripie haondoki. Na jambo hilo halikuwa na jina. Tulisema tu "ile". "Ile leo tumpe nani?" Basi.

Siku moja Mzee Gervas akaenda Kahama kununua vikombe. Akarudi na vikombe, vingine vimevunjika, na neno moja zima. Alisimama katikati ya jiko na vumbi lake la safari.

"Jamani, huko wenzetu wanauza spesho!"

"Ndiyo samaki gani?" akauliza Bi Zaituni.

"Si samaki. Ni hali. Ukiagiza chai unaulizwa, ya kawaida au spesho? Ukisema spesho unaletewa tofauti na wenzako."

Bi Zaituni akatafakari, mwiko mkononi. "Kumbe tunayo siku zote. Ni ile."

Mwanzoni neno lilifanya kazi yake vizuri, na nataka mjue hivyo, msije mkadhani nalichukia. Chai ya kawaida ilikuwa ya rangi. Chai spesho ilikuwa ya maziwa, tangawizi imepondwa, kikombe kimewekewa kisosi. Mtu akiletewa kisosi alikaa wima. Hata vijana wa bodaboda wanalitumia sawasawa mpaka leo: ukikodi pikipiki spesho, unapanda peke yako hadi mlangoni kwako. Akikusimamisha njiani akapakia mama mwenye mkungu wa ndizi na mbuzi, shuka udai haki yako. Hiyo si spesho, ni mshikaki. Mnaona? Neno lina mpaka wake.

Mzee Gervas akauvunja mpaka. Aliona wateja wanapenda spesho, akasema kwa nini tuwanyime wengine? Ukaja ugali spesho. Nikamwuliza ugali spesho ukoje, akasema umefinyangwa mviringo. Yakaja maharage spesho, yaani yale yale ya Kiziwi yakiwa yamewekewa kipande cha nyanya juu. Ikaja supu spesho, iliyokuwa supu ya jana. Akampa mchoraji kazi ya kuandika ukutani kwa rangi nyekundu: LEO SPESHO KILA KITU. Asubuhi moja nilimkuta anawaelekeza wateja kwenye ndoo ya kunawia: "Karibuni maji spesho." Nikachungulia. Yalikuwa maji.

Wateja nao wakaharibika. Dereva mmoja wa lori alikaa, akasoma ukuta mzima, akakuna kichwa.

"Mama, nipe spesho ya kawaida."

"Baba, chagua moja."

"Sasa nitachaguaje? Kawaida imeisha ukutani."

Na kweli ilikuwa imeisha. Bi Zaituni aliacha kwenda kwenye pazia. Alisema hana cha kuchungulia, wote wamekwisha kuwa wafalme.

Ndipo ikaja posa ya Konsolata. Binti huyu alikulia jikoni kwetu, mrefu, mcheshi, mwenye kicheko cha kushtua kuku. Alipendana na Faustini, kijana mkulima wa Nyarubungo, mtaratibu mpaka unamwonea huruma. Wazee wa Faustini walitoka Biharamulo kuja kusema neno lao, na Mzee Gervas akaamua wapokelewe hapo hapo hotelini, chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho chenye viti vinavyofanana. Mkubwa wa msafara alikuwa babu yake Faustini, Mzee Bugingo, mwembamba, fimbo mkononi, macho makali. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema "tumempokea binti" isipokuwa yeye. Akila na kusema, ndoa ipo. Akisimama bila kula, wote wanasimama naye, na Konsolata anarudi kumenya viazi.

Asubuhi Bi Zaituni alimwuliza Mzee Gervas swali moja tu. "Ile, namfukia nani? Babu yao?"

"Usifukie! Weka juu ionekane. Na weka kwa wote."

"Kwa wote namna gani? Kuku wako watatu."

Mzee Gervas akatoa mfuko nyuma ya mgongo, anacheka peke yake. Alikuwa amezunguka sokoni kwa akina mama wanaouza kuku wa vipande, akanunua firigisi zote alizozikuta. "Hawa ni wakwe zangu. Sitaki hata mmoja aone kapunjwa. Kila sahani spesho!"

"Gervas," Bi Zaituni akasema, na alikuwa hamwiti hivyo mpaka mambo yawe mabaya, "unajua unachokifanya?"

"Naandaa ndoa ya binti yangu."

Tukapika. Nikapeleka sahani mimi mwenyewe, nikapiga goti mbele ya mzee. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nzuri tu. Akanawa. Akavuta sahani, akaiona firigisi imekaa kileleni mwa wali kama padri kwenye mimbari. Uso ukafunguka. Kisha akatazama sahani ya jirani yake, mshenga, yule baba mnene aliyekuwa akituletea habari za posa tangu mwanzo. Firigisi. Akatazama ya mjomba wa kijana. Firigisi. Akatazama ya kijana wa kubeba mizigo, mwenye kofia ya timu ya mpira. Firigisi, tena kubwa kuliko yake.

Mzee Bugingo akaurudisha mkono mapajani.

"Mkwe," akamwambia Mzee Gervas, polepole, "kuku wa huku Ngara huzaliwa na firigisi ngapi?"

Mzee Gervas akacheka, akidhani ni utani. "Ni spesho hizo, baba! Kila mtu na yake!"

"Ahaa. Kila mtu na yake." Akaiegemea fimbo. "Basi mimi hapa sijaonekana."

Nilirudi jikoni mbio, ndala moja nikaiacha njiani. Konsolata alikuwa nyuma ya mlango, kitunguu mkononi, na hakuwa amekikata bado lakini machozi yalishaanza.

"Amesemaje, Mama Deo?"

"Anasema hajaonekana."

"Uwii! Atasimama. Faustini aliniambia, huyo babu akiishika fimbo kwa mikono miwili, atasimama."

"Kaishika kwa mmoja."

"Nenda ukatazame tena!"

Mzee Gervas akaingia nyuma yangu, jasho linamtiririka. "Ongezeni! Mpeni mbili! Mpeni tatu!"

"Ukimpa tatu," akasema Bi Zaituni, "atajua umezikusanya sokoni kama karanga. Mwache."

"Basi nifanye nini, Zaituni? Sina kitu kingine! Kila nilichonacho ni spesho!"

Hata maharage yalinyamaza. Na hapo, nisiseme uongo kwa kujinyenyekeza, akili ilinijia mimi, si mwingine. Nikachukua bakuli la bati.

"Kama hatuna cha kumwongezea mzee," nikasema, "tuwapunguzie wengine."

Bi Zaituni akanitazama, safari hii mpaka usoni. Akanipa kijiko chake. Konsolata akanisukuma mgongoni: "Nenda, nenda, nenda!"

Nikaingia. Mzee alikuwa amekwisha kuishika fimbo kwa mikono miwili. Nikapiga goti katikati ya chumba na bakuli langu kichwani kama mtu wa kuomba mvua.

"Wakwe zetu, mtusamehe. Sahani zimekosewa jikoni. Firigisi ya nyumba hii ni moja, na mwenyewe ni huyu baba hapa. Hizo nyingine zinarudi."

Nikaanza kuzikusanya. Kijana wa mizigo alijaribu kuifunika yake kwa mkono, nikamtazama tu, akaitoa. Mjomba akatoa bila kelele, ila aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia bakulini. Nikafika kwa mshenga. Shavu moja lilikuwa limevimba.

"Shemeji, weka hapa."

"Nimeshaitafuna," akasema, kwa taabu.

"Basi meza, lakini usionekane umefurahi."

Akameza kwa uso wa msiba. Nikafika kwa Mzee Gervas mwenyewe, aliyekuwa amerudi kitini.

"Mama Deo, hiyo ni yangu! Ni hoteli yangu!"

"Ilikuwa yako, mzee. Sasa ni ya paka."

Sahani zote zikabaki na wali na mapaja, vitu vya heshima kabisa, lakini vya kawaida. Kwenye chumba kizima ikabaki firigisi moja, ile ya Mzee Bugingo, ambayo hakuna aliyeigusa wala kuibadilisha. Ni ile ile aliyoikataa. Haikuongezwa chumvi, haikupashwa moto. Watu wote wakaitazama, na mshenga ndiye aliyeitazama zaidi.

Mzee akaiegesha fimbo ukutani. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akainyanyua kidogo ili hata waliokaa kando waione, akaiuma.

Sasa wakati anatafuna, na alitafuna muda mrefu, meno yalikuwa machache na hayakukutana, niwaambieni nyinyi wawili maana ya neno. Spesho haikai ndani ya chakula. Jesca, usiitafute kwenye sufuria, hutaiona. Ni ile nafasi kati ya sahani ya mtu mmoja na sahani za wenzake. Kwa hiyo mteja akikuuliza wali spesho una nini, mwambie una kitu ambacho ule mwingine hauna, kisha ukitaje: una njegere, una paja, una kachumbari. Kama huna cha kutaja, mwuzie wali, ni chakula kizuri, na watu wameula miaka mingi bila jina. Usiseme "spesho kwa wote". Usiseme "spesho sana kabisa", maana ukishaanza kulisukuma neno kwa nyuma ujue limeishiwa mafuta. Na ile supu ya jana, Pili, iite ya jana.

Mzee Bugingo akameza. Akapangusa vidole kimoja kimoja. Nikasikia mkanda wa Mzee Gervas ukilia kila alipovuta pumzi. Mzee akatutazama wote, akachukua muda wake, kwa sababu alijua ni wake.

"Sasa nimeonekana," akasema. "Binti tumempokea."

Kabla hata mshenga hajapiga makofi, kikapasuka kigelegele kutoka nyuma ya mlango wa jikoni. Kirefu, chenye kona, cha kuamsha stendi nzima. Jamani. Bibi harusi mtarajiwa anajipigia kigelegele mwenyewe! Tangu nizaliwe Murukulazo sijawahi kusikia jambo kama hilo. Binti anayeposwa anatakiwa ainamishe kichwa, aonekane kama hataki. Mzee Gervas akajifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mimi nikabaki na bakuli langu la firigisi, sijui niendelee kupiga goti au nilale kabisa.

Mzee Bugingo akaukinga mkono nyuma ya sikio.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

Bi Zaituni akatoa kichwa mlangoni, uso mkavu kama mtu aliyetoka kuswali.

"Ni redio, mzee."

Mzee Bugingo akavuta sahani yake, akaanza wali.

"Redio nzuri," akasema. "Tunaondoka nayo."